Waziri akitangaza marufuku bila kutaja kifungu cha sheria, tunaanzia wapi kuipinga? (Kenya)

Mizani_47 ameuliza:

Habari zenu wanajukwaa. Swali hili ni la Kenya, chini ya Katiba ya 2010.

Waziri anasimama mbele ya kamera, anatangaza kwamba kuanzia Jumatatu biashara ya aina fulani ni marufuku, au leseni zote za sekta fulani zimesimamishwa, au kuna ada mpya ya kulipa. Hataji sheria yoyote. Jumatatu ikifika, polisi wako kazini, wanafunga milango na kukamata watu. Huenda baada ya wiki mbili kitu kikachapishwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, huenda kisichapishwe kabisa.

Siombi nadharia ya mihimili mitatu ya dola, hiyo tuliisoma shuleni. Nataka kujua tangazo kama hilo lina nguvu gani kisheria. Mtu au chama kikitaka kulipinga, kiende na ombi la kikatiba au kiende na mapitio ya mahakama, na muda unaanza kuhesabiwa lini? Kwa nini kesi nyingi ambazo kosa la serikali liko wazi huanguka hata kabla ya kusikilizwa? Na mahakama ikishaamua, serikali ikakaa kimya, kuna njia gani iliyobaki?

---

Rafu_ya_Sheria amejibu:

Ndugu Mizani, anza na karatasi, mahakama baadaye. Kabla hujauliza kama tangazo ni la haki, uliza limetoka kifungu gani na limeandikwa wapi. Majibu ya maswali hayo mawili ndiyo huamua kesi itafunguliwaje, na mara nyingine huonyesha kwamba hakuna sheria ya kupinga, kuna maneno tu.

Kifungu cha 94(5) cha Katiba kinasema hakuna mtu wala chombo, isipokuwa Bunge, chenye mamlaka ya kuweka jambo lenye nguvu ya sheria, ila kwa idhini iliyotolewa na Katiba yenyewe au na sheria. Kifungu cha 94(6) kinaongeza kwamba sheria inayompa mtu uwezo huo lazima itaje wazi madhumuni yake, mipaka yake na misingi itakayozitawala kanuni zitakazotungwa. Uwezo wa waziri wa kutunga kanuni ni wa kuazimwa. Akishindwa kuonyesha aliyemwazima na kwa masharti gani, hana kitu mkononi. Kwa Rais mambo ni makali zaidi: Kifungu cha 135 kinataka uamuzi wake wa kutekeleza majukumu yake chini ya Katiba uwe wa maandishi, wenye muhuri na saini yake. Tamko la Rais jukwaani ni habari ya kuandikwa magazetini, lakini si uamuzi ambao afisa anaweza kuutekeleza kama sheria. Na kuhusu ada mpya uliyoitaja, Kifungu cha 210(1) kimefunga mlango: hakuna kodi wala ada ya leseni inayoweza kutozwa, kusamehewa au kubadilishwa ila kwa sheria.

Sasa fungua Gazeti Rasmi na uangalie aina ya nambari. Hapa ndipo watu wengi hupita bila kuona. Kuna Notisi ya Gazeti, ambayo hubeba uteuzi wa maofisa, vyeti vya ardhi vilivyopotea, maombi ya leseni na matangazo ya namna hiyo. Na kuna Notisi ya Kisheria, ambayo huchapishwa kwenye nyongeza ya Gazeti na kubeba kanuni na sheria ndogo. Ukikuta marufuku inayomgusa kila mtu na kuweka adhabu, na juu yake kuna nambari ya Notisi ya Gazeti tu, au hakuna nambari kabisa, weka alama hapo kwa kalamu nyekundu.

Wizara ikijitetea kwamba kilichotolewa ni "mwongozo" tu, usirudi nyuma. Sheria ya Hati za Kisheria, Nambari 23 ya 2013, inatafsiri hati ya kisheria kwa upana: kanuni, amri, agizo, tangazo, viwango vya ada, hata mwongozo, mradi imetolewa kwa uwezo uliotokana na sheria ya Bunge. Kubadilisha jina juu ya karatasi hakubadilishi masharti yake.

Sheria hiyo hiyo, sehemu ya 11, inataka hati ipelekwe kwa karani wa bunge husika ili iwasilishwe mezani ndani ya siku 7 za vikao baada ya kuchapishwa. Siku za vikao, si siku za kalenda. Tuseme kanuni zimechapishwa Ijumaa, na Bunge la Taifa linakaa Jumanne, Jumatano na Alhamisi kama kawaida yake. Wiki ya kwanza unahesabu 3, ya pili unafika 6, na ya 7 inaangukia Jumanne ya wiki ya tatu. Jumatano huwa na kikao cha asubuhi na cha alasiri, lakini hiyo ni siku moja. Bunge likienda mapumzikoni katikati, hesabu inasimama. Nimeona hoja za mawakili zikivunjwa kwa sababu tu walihesabu Jumamosi na Jumapili.

Hati isipowasilishwa kwa wakati, inakoma kuwa na nguvu mara tu siku ya mwisho inapopita. Lakini soma sentensi hiyo hadi mwisho: yaliyofanywa kabla ya hapo hayafutiki. Aliyekamatwa siku ya tano hataokolewa na hoja hii peke yake. Atahitaji nyingine, kama vile kwamba kanuni zimevuka uwezo wa sheria mama, au kwamba umma haukushirikishwa.

---

Hoja_na_Kiapo amejibu:

Naunga mkono yote ya Rafu, na nitaendelea pale alipoishia.

Hatua inayofuata ni barua ya ukurasa mmoja. Iandikwe kwa katibu wa wizara, nakala kwa Mwanasheria Mkuu, na ipokelewe kwa muhuri wenye tarehe. Ndani yake omba vitu vitano tu: kifungu cha sheria kilichotumika, nakala ya uamuzi wenyewe, sababu za maandishi, tathmini ya athari za kanuni kama ilifanywa, na kumbukumbu za ushirikishaji wa umma. Taja Kifungu cha 35 na cha 47(2), pamoja na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Kwa sheria hiyo ofisi ina siku 21 za kujibu, na saa 48 ikiwa habari inahusu uhai au uhuru wa mtu. Ukinyimwa, una siku 30 za kwenda kwa Ombudsman, yaani Tume ya Haki ya Utawala, kuomba uamuzi huo uangaliwe upya.

Usiidharau barua hii hata kama unajua haitajibiwa. Sheria ya Utendaji wa Haki wa Kiutawala, Nambari 4 ya 2015, sehemu ya 6, inasema ofisi ikishindwa kutoa sababu baada ya kuombwa, mahakama itachukulia kwamba hatua ilichukuliwa bila sababu nzuri, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kimya chao kinakuwa ushahidi wako. Tena kinahamisha mzigo upande wa pili, jambo ambalo ni adimu katika kesi dhidi ya serikali.

Kuhusu mlango wa kuingilia. Ombi la kikatiba hufunguliwa chini ya Kifungu cha 22, kwa kufuata kanuni za utaratibu za 2013 ambazo kila mtu anaziita Kanuni za Mutunga. Anaweza kulifungua yeyote, kwa niaba yake, ya kundi, ya chama au ya umma. Halina ukomo wa siku ulioandikwa, ingawa ukichelewa bila maelezo jaji atakuuliza ulikuwa wapi. Unaandaa ombi lenyewe, hati ya kiapo yenye ukweli wote na vielelezo, na ukitaka tangazo lisimamishwe kwa muda, maombi ya dharura pamoja na cheti cha dharura. Serikali ina siku 14 kujibu tangu ipokee nyaraka.

Mapitio ya mahakama kwa njia ya zamani, yaani Amri ya 53 ya Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai, yana kamba fupi. Kwa amri ya kufuta uamuzi, ile inayoitwa certiorari, una miezi 6 tangu uamuzi utolewe, na ukomo huo umeandikwa pia kwenye Sheria ya Marekebisho ya Sheria. Jaji hawezi kukuongezea. Unaomba ruhusa kwanza, ukiwa na taarifa na hati ya kiapo ya kuthibitisha. Ukipewa ruhusa, una siku 21 kuwasilisha hoja kuu, na kati ya kuwapelekea wahusika na siku ya kusikilizwa ziwepo siku 8 kamili. Weka ukweli wote kwenye hati ya kiapo. Taarifa ni ya jina lako, unachoomba na misingi yake, basi. Anayeweka ukweli kwenye taarifa na kuacha kiapo kikiwa na mistari mitatu anaingia mahakamani bila ushahidi.

Ushauri wangu: ikiwa jambo ni la haki za watu wengi na unataka kanuni zitangazwe batili, nenda na ombi la kikatiba, kwa kuwa Kifungu cha 23(3) kinamruhusu jaji kutoa tamko, zuio, amri ya muda ya kuhifadhi hali, fidia na hata amri ya mapitio katika kesi hiyo hiyo moja. Ikiwa ni uamuzi mmoja dhidi ya leseni moja na miezi 6 haijapita, Amri ya 53 ni safi na ya haraka.

Kesi huanguka mapema kwa sababu zinazojirudia. Ya kwanza ni mahakama isiyo yake. Ukiwa na mgogoro wa ajira ya umma, ni Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Ya ardhi na mazingira ina yake. Katiba imezipa hadhi sawa na Mahakama Kuu, na katika kesi ya Karisa Chengo ya 2017 Mahakama ya Juu ilisema hadhi sawa si mamlaka sawa. Kupeleka mgogoro wa kazi Mahakama Kuu kwa sababu umekitaja Kifungu cha 41, kile cha haki za kazi, hakukusaidii.

Ya pili ni kuruka ngazi. Sehemu ya 9 ya ile sheria ya 2015 inataka umalize kwanza njia za ndani: mabaraza, kamati za rufaa za leseni, na kadhalika. Ukiona njia hiyo haifai, kwa mfano baraza halijateuliwa na biashara imefungwa leo, omba rasmi mahakama ikuondolee sharti hilo na ueleze hali isiyo ya kawaida. Watu husema hivyo kwa mdomo siku ya kusikilizwa badala ya kuomba kwa maandishi, na kesi inatupwa.

Ya tatu ni uandishi. Tangu kesi ya Anarita Karimi Njeru ya 1979, mlalamishi anatakiwa aonyeshe kwa uwazi kifungu kilichovunjwa, kimevunjwaje, na madhara yake. Mwaka 2013 Mahakama ya Rufaa, katika kesi ya Mumo Matemu, ililegeza kidogo kwa kusema haitafuti usahihi wa kihisabati, lakini msingi umebaki. Tazama aya hizi mbili.

Mbovu: "Waziri amewanyanyasa wananchi na kuvunja haki zetu kinyume cha Vifungu vya 10, 27, 28, 40, 43, 46 na 47."

Nzuri: "Tarehe 3 mlalamikiwa wa kwanza alisimamisha leseni 14 za wanachama wetu kwa tangazo moja. Hakuna mwanachama aliyepewa notisi wala nafasi ya kujibu kabla ya tangazo. Hilo linakiuka Kifungu cha 47(1) na sehemu ya 4(3) ya Sheria ya Utendaji wa Haki wa Kiutawala. Leseni zote zimesimama tangu tarehe hiyo. Tazama vielelezo vya 2 hadi 15."

Aya ya kwanza ina vifungu saba na haina kosa hata moja ambalo jaji anaweza kulishika. Ya pili ina kifungu kimoja, na kila neno lake lina karatasi nyuma yake.

Usimshtaki Rais kwa jina lake katika kesi ya madai kwa jambo alilofanya akitumia mamlaka yake akiwa madarakani. Kifungu cha 143 na uamuzi wa Mahakama ya Juu kuhusu BBI, ule mpango wa kuibadilisha Katiba, wa tarehe 31 Machi 2022 vimefunga njia hiyo. Mshtaki Mwanasheria Mkuu, pamoja na waziri au ofisi iliyotekeleza. Uamuzi wenyewe bado unaweza kupimwa na mahakama. Kinga ni ya mtu, haiwi ya kitendo.

Juu ya amri ya muda, kipimo kiko kwenye kesi ya Gatirau Peter Munya ya 2014: hoja iwe ya kusikilizika, kesi isije ikawa bure amri ikikosekana, na maslahi ya umma yaelekee upande wako. Hilo la tatu ndilo linalosahauliwa. Eleza umma utapata nini tangazo likisimamishwa, si hasara ya wanachama wako peke yake.

---

Nyundo_Mezani amejibu:

Hoja_na_Kiapo ameeleza vizuri, ila nina wasiwasi kwamba msomaji ataondoka akidhani kushinda ni mwisho wa safari. Kabla ya kuandika aya ya kwanza, amua unataka ushindi wa aina gani, kwa kuwa ushindi wa utaratibu na ushindi wa kiini ni vitu viwili.

Chukua kesi ya Huduma Namba, ule mpango wa serikali wa kadi za utambulisho. Tarehe 14 Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilifuta uamuzi wa kuanza kutoa kadi kwa sababu tathmini ya athari kwa ulinzi wa data, inayotakiwa na sehemu ya 31 ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, haikufanywa. Mahakama haikusema kadi ni haramu milele. Ilisema fanyeni tathmini kwanza.

Au chukua polisi wa kwenda Haiti. Tarehe 26 Januari 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba Baraza la Usalama wa Taifa halina uwezo wa kutuma polisi nje ya nchi, na kwamba Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi inataka kuwepo makubaliano ya pande mbili na nchi husika. Tarehe 1 Machi makubaliano yalitiwa saini Nairobi, na mwezi Juni kikosi cha kwanza kikatua Port-au-Prince. Wapo waliosema mahakama ilipuuzwa. Ukisoma hukumu yenyewe, serikali ilionyeshwa pengo, ikajaribu kuliziba, na mvutano mpya ukawa kama kiraka kinatosha. Ukishambulia utaratibu peke yake, umempa mpinzani wako orodha ya marekebisho.

Kwa hiyo, kama kiini cha marufuku ndicho kibaya, pigana pia kwenye Kifungu cha 24. Pale serikali ndiyo yenye mzigo wa kuonyesha kwamba kizuizi kimewekwa na sheria, kina lengo la maana, na hakuna njia nyepesi zaidi ya kufikia lengo hilo. Marufuku ya jumla huteseka sana kwenye swali hilo la mwisho. Kwa mfano, kama tatizo ni usafi wa mashine za sekta hiyo, kwa nini usikague mashine badala ya kufunga sekta nzima? Leta njia hiyo mbadala wewe mwenyewe, kwa kiapo cha mtaalamu, usimwachie jaji aifikirie.

Usiegemee mno hoja ya ushirikishaji wa umma. Ni hoja nzuri, na Mahakama ya Juu iliiwekea miongozo katika kesi ya kampuni ya British American Tobacco ya 2019: ushirikishaji uwe wa kweli, usiwe wa kutimiza wajibu tu. Lakini haimaanishi kila aliyetoa maoni lazima akubaliwe. Sheria ya Fedha ya 2023 ilitangazwa kinyume cha Katiba na Mahakama ya Rufaa tarehe 31 Julai 2024, na Mahakama ya Juu ikaupindua uamuzi huo tarehe 29 Oktoba mwaka huo huo. Aliyekuwa amepanga biashara yake kwa hukumu ya Julai alilazimika kupanga upya baada ya miezi mitatu.

---

Mizani_47 ameandika:

Asanteni sana, wakubwa zangu. Hapo kwenye Kifungu cha 24 ndipo wizara hujibu kwa neno moja: usalama. Au husema hali ni ya dharura. Je, neno hilo likitamkwa, vizuizi vyote hivi vinaanguka?

---

Rafu_ya_Sheria amejibu:

Hapana. Kusema "dharura" na kutangaza hali ya hatari ni mambo mawili tofauti, na la pili lina kamba fupi kuliko watu wanavyofikiri.

Hali ya hatari hutangazwa na Rais, na kwa Kifungu cha 58 ni pale tu nchi inapotishiwa na vita, uvamizi, uasi wa jumla, vurugu, janga la asili au dharura nyingine ya umma, na tangazo liwe la lazima ili kukabiliana na hali hiyo. Linaishi siku 14. Kuliongeza kunahitaji Bunge la Taifa, na kila nyongeza haizidi miezi 2. Nyongeza ya kwanza inataka thuluthi mbili ya wabunge wote: Bunge lina wabunge 349 bila Spika, kwa hiyo ni kura 233. Ya pili na zinazofuata zinataka robo tatu, yaani 262. Tangazo haliwezi kurudi nyuma kuhalalisha yaliyokwisha kufanywa, na Mahakama ya Juu ina uwezo wa kuamua kama tangazo lenyewe, au nyongeza yake, ni halali.

Hata ndani ya hali hiyo, Kifungu cha 25 hakiguswi: kutoteswa, kutofanywa mtumwa, kesi ya haki, na amri ya kumleta mtu aliyezuiliwa mbele ya jaji. Na nje yake, katika siku za kawaida, aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Muda huo ukiisha nje ya saa za kazi za mahakama au siku ambayo si ya kazi, afikishwe siku ya mahakama inayofuata. Ndiyo maana kukamata watu Ijumaa jioni kumekuwa mtindo.

Kuhusu wanajeshi, angalia herufi ya kifungu. Kifungu cha 241(3)(b) kinawaruhusu kusaidia mamlaka nyingine wakati wa dharura au maafa, na kuripoti kwa Bunge la Taifa. Herufi (c) ni ya kurejesha amani sehemu yenye machafuko, na hiyo inataka idhini ya Bunge la Taifa. Wanajeshi walipotangazwa tarehe 25 Juni 2024 kusaidia polisi, Bunge liliidhinisha siku iliyofuata, na Mahakama Kuu tarehe 27 haikuwaondoa barabarani, lakini iliitaka serikali ichapishe mipaka ya kazi yao na muda watakaokaa. Hiyo ndiyo picha halisi ya kizuizi cha kisheria wakati wa joto: mara nyingi hakisimamishi gari, lakini kinalazimisha liwe na nambari na dereva anayejulikana.

Kwa hiyo wizara ikisema usalama, swali linabaki lile lile la barua: kwa kifungu gani, kwa muda gani, kwa eneo gani.

---

Hoja_na_Kiapo amejibu:

Nimalizie swali la kupuuza amri, kwa kuwa halijajibiwa.

Jaji akishatoa amri, usisubiri hukumu ichapwe. Toa amri yenyewe, yaani dondoo lenye muhuri wa mahakama, na uandike juu yake ilani ya adhabu: mhusika akikaidi atawajibika kwa kudharau mahakama. Mpelekee mhusika kwa jina na cheo, si "wizara". Kisha anayeipeleka aape hati ya kuthibitisha: siku, saa, mlango gani, nani alipokea, alisema nini. Katika kesi ya Shimmers Plaza ya 2015 Mahakama ya Rufaa ilikubali kwamba mhusika anaweza kuhesabiwa kuwa anaijua amri kupitia wakili wake aliyekuwepo ilipotolewa, lakini usijenge kesi yako juu ya hilo kama unaweza kuipeleka mkononi.

Maombi ya kudharau mahakama hushindwa zaidi kwa sababu ya amri isiyoeleweka. "Serikali iheshimu haki za walalamishi" haiwezi kukaidiwa kwa namna inayothibitika. "Mlalamikiwa wa pili afungue ghala lililoko kwenye kiwanja fulani ifikapo saa 10 alasiri tarehe fulani" inaweza. Andika maombi yako ya amri kwa lugha ya namna hiyo tangu mwanzo, kwa sababu jaji hutoa karibu na ulichoomba. Na mahakama zimekwisha kufika hadi juu: Machi 2018 maofisa watatu wakuu wa serikali walitozwa faini ya shilingi 200,000 kila mmoja katika kesi ya wakili na mwanasiasa Miguna Miguna, na Septemba 2024 kaimu Inspekta Jenerali wa Polisi alihukumiwa kifungo cha miezi 6 kwa kutofika mahakamani alipoitwa. Kifungo hicho kiliondolewa baada ya yeye kufika na kujieleza. Lengo lilikuwa afike, na alifika.

Kama ulichoshinda ni pesa, njia ni nyingine kabisa. Huwezi kupeleka dalali kuchukua magari ya serikali. Sheria ya Mashauri ya Serikali, sehemu ya 21, inakataza kukamata mali ya serikali, na kaunti nazo zimo. Baada ya siku 21 tangu amri, na gharama zikishakadiriwa, omba cheti cha amri kwa msajili. Kipeleke kwa Mwanasheria Mkuu na kwa afisa mhasibu wa wizara, ambaye kwa kawaida ni katibu wa wizara. Asipolipa, fungua maombi ya mandamus ya kumlazimisha alipe. Hapa ile miezi 6 haikufungi, kwa kuwa ni ya kufuta uamuzi tu. Ukipata mandamus na bado halipi, sasa ndipo unamwita ajieleze kwa nini asiadhibiwe kwa kudharau mahakama. Kila ngazi ina karatasi yake, na ukiruka moja unarudishwa mwanzo. Kosa la kawaida ni kuomba mandamus bila cheti cha amri, au kuwa na cheti kinachotaja shilingi tofauti na za hukumu kwa sababu riba ilihesabiwa kiholela.

---

Mizani_47 ameandika:

Swali la mwisho, Rafu. Hizo siku 7 za vikao, sisi tulio nje ya Bunge tunajuaje kama kanuni ziliwasilishwa au la?

---

Rafu_ya_Sheria amejibu:

Soma Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za Bunge, ya kila kikao tangu siku ya kuchapishwa, sehemu ya mwanzo panapoorodheshwa hati zilizowekwa mezani. Kwa kawaida Kiongozi wa Walio Wengi ndiye huziweka, na jina la kanuni hutajwa pamoja na nambari ya Notisi ya Kisheria. Kisha andikia karani wa bunge husika barua ya kuomba athibitishe tarehe, ukitumia Kifungu cha 35, ili uwe na karatasi ya kuambatisha kwenye kiapo badala ya kusema "tumesoma Hansard hatukuona". Pitia pia ratiba ya vikao iliyoidhinishwa na Bunge na uiambatishe, kwa sababu wakili wa serikali atauliza mapumziko yalianza lini. Na usifungue hoja hii kabla ya siku ya 7 kuisha. Ukiwahi hata kwa siku moja, watawasilisha kesho yake asubuhi.